Dole Gumba la Verlin Mabry

Kwa miaka kumi na tisa hakuna askari wa Kaunti ya Tansel aliyefunga bastola kiunoni kabla Verlin Mabry hajamwambia kwamba hajui kupiga. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama fundi cherehani anavyomwambia mteja kwamba bega lake moja limeshuka: ndivyo ulivyo, sasa tutafute la kufanya. Alikuwa akimsimamisha mtu kwenye mstari wa shabaha kule machimboni, anakaa nyuma yake mikono mfukoni, na baada ya risasi sita tu ameshamsoma. Wewe unafumba jicho kabla ya mlio. Wewe unakaba mpini utadhani umekamata mwizi. Wewe umegombana na mkeo asubuhi, nenda kanywe kahawa kwanza.

Machimbo hayo ya chokaa yalikuwa yameachwa tangu zamani, yamezungukwa na ukuta wa mawe pande tatu, nyasi katikati, na kibanda cha mabati cha kuwekea karatasi za shabaha. Hapo ndipo alipokuwa mfalme. Mjini alikuwa mzee mfupi wa miaka hamsini na minane mwenye gari bovu, lakini huku hata sherifu, mkuu wa askari wote wa kaunti, alikuwa anauliza pa kusimama.

Shabaha aliijua tangu ujana. Alitoka jeshini akiwa na miaka ishirini na mbili, akajiunga na klabu ya maveterani, ambako kila Jumanne ya majira ya baridi wanaume walisimama ukumbini bega kwa bega, mkono mmoja mfukoni na mwingine umenyooshwa, wakitoboa karatasi kwa zawadi ya paja la nguruwe lililokaushwa kwa moshi. Mkewe, Twyla, alipenda kuwaambia watu kanisani kwamba tangu aolewe hajawahi kununua nyama ya Krismasi. Klabuni walipiga taratibu. Unaitega nyundo ya rivolva, bastola yenye silinda inayozunguka, yaani unaivuta nyuma kwa dole gumba mpaka ishike, unavuta pumzi, unasubiri, halafu kidole kinagusa triga kidogo tu na risasi inaondoka. Bastola iliyotegwa hivyo ni nyepesi mno, mtu akikohoa inaweza kulia.

Wepesi huo ndio uliokaribia kuleta msiba. Mwaka sabini na nne askari mmoja alimsimamisha dereva barabarani, akaitega nyundo ili kumtisha, kidole kikateleza, na risasi ikapita mlangoni mwa lori sentimita chache kutoka kwenye goti la mtu asiye na kosa lolote zaidi ya taa mbovu. Kesho yake Verlin akaandika kanuni kwa mkono wake: askari wa Tansel haitegi nyundo. Triga itavutwa yote, mwanzo mpaka mwisho. Na hapo kazi ni nyingine kabisa, kwa sababu kidole kimoja kinatakiwa kuinua nyundo, kuzungusha silinda, na kufyatua, kwa mvuto mmoja mzito kama kunyanyua birika lililojaa maji kwa ncha ya kidole. Wenye mikono mikubwa walinung'unika wakazoea. Wenye mikono midogo walinung'unika zaidi. Verlin aliwaambia wote kwamba kanuni haijui ukubwa wa glavu.

Aliyekuwa na mikono midogo kuliko wote ni Lorna Scaggs. Alikuwa na miaka ishirini na sita, mwanamke pekee katika askari kumi na wanne, aliyeacha kazi ya kiwanda cha kuku ili avae beji. Mitihani mingine yote aliipita. Wa shabaha alikuwa ameufeli mara mbili, sitini na saba kisha sitini na nane, na alama ya kupita ilikuwa sabini. Anayefeli mara tatu anarudisha beji. Mara ya tatu ya Lorna ilikuwa Ijumaa ya wiki hiyo ninayoisimulia, mwezi wa Oktoba mwaka themanini na nane.

Jumatatu ya wiki hiyo sherifu, Harlan Teague, alimwita Verlin ofisini na kumwekea bastola mezani. Ilikuwa ya magazini, kile kisanduku cha risasi kinachopachikwa ndani ya mpini, ya aina ambayo kaunti za jirani zilikuwa zimeshaanza kuhamia.

"Wakubwa wanataka kujua," sherifu alisema. "Hii inabeba kumi na tano na ile yetu sita, hilo hata mtoto anaona. Wanachouliza ni kimoja tu. Inapiga sawasawa na rivolva, au tutakuwa tunamwaga risasi nyingi hewani?"

"Inamwaga," Verlin alisema.

"Hujaipiga bado, bwana."

"Nimemwona shemeji yangu akiipiga."

"Shemeji yako hata akikojoa anakosa choo. Nenda kapime vizuri, uniletee karatasi. Ukisema rivolva, tunabaki na rivolva. Ukisema hii, Ijumaa kila mtu anafanya mtihani na hii, tunaanza ukurasa mpya. Neno ni lako."

Ikumbukwe kwamba Verlin alielewa vizuri maana yake. Tangu mwezi wa saba, askari wote isipokuwa yeye walikuwa wamefundishwa na kaunti jirani jinsi ya kutumia bastola ile, na Lorna alikuwa amerudi kutoka huko akiwa na alama nzuri. Rivolva ikibaki, Lorna atasimama Ijumaa na kitu kilichomshinda mara mbili. Verlin aliliona hilo, akaliweka pembeni. Huwezi kupima bastola huku unamwonea mtu huruma, ndivyo alivyojiambia, na alijisikia mwadilifu sana kwa kujiambia hivyo.

Jumanne Lorna mwenyewe alikuja machimboni kumsaidia, kwa sababu ilikuwa siku yake ya mapumziko na alitaka kujifunza kwa kutazama. Akawa anabandika karatasi yadi ishirini na tano mbali, anarudi, anakaa kwenye sanduku nyuma ya mstari. Verlin alipiga makundi ya risasi tano tano. Makundi ishirini kwa rivolva, makundi ishirini kwa ile ya magazini, na kila kundi la bastola mpya alilianza nyundo ikiwa imelala, kama usalama unavyotaka. Kisha akapima kwa rula umbali kati ya matundu mawili yaliyoachana zaidi, akaandika.

Matokeo hayakuwa na ubishi. Rivolva yake ilikusanya risasi ndani ya inchi mbili na nusu. Bastola ya magazini ilitapanya mpaka inchi nne na zaidi. Kitu kimoja tu kilimshangaza kidogo: karibu kila karatasi ya bastola mpya ilikuwa na matundu manne yaliyoshikana vizuri, na la tano limekaa mbali peke yake kama mgeni asiyejua mtu harusini.

"Hii moja inatoka wapi?" Lorna aliuliza akiwa ameinama juu ya karatasi.

"Ndiyo tabia ya mashine hizi. Zina viungo vingi vinavyochezacheza."

Lorna akamtazama, akafungua mdomo, akaufunga.

"Unataka kusema nini?"

"Hakuna, Mzee Mabry."

"Namba hazina upendeleo, binti. Ningependa zingekuwa vingine."

"Najua ungependa," alisema Lorna, na sauti yake haikuwa na kejeli hata kidogo. Aliokota maganda ya risasi yote, akamsaidia kupakia gari, akaondoka.

Jioni ile Verlin aliandika ripoti yake kwenye meza ya jikoni, ukurasa mmoja na nusu, akaitia saini. Upande wa pili wa meza Twyla alikuwa na mashine yake ya kujazia risasi. Wengine hufuma masweta, Twyla alijaza maganda: fataki chini, baruti kipimo, risasi juu, anavuta mpini, inayofuata. Risasi zote za mazoezi za Tansel zilipita mikononi mwake. Chungu cha maharage kilikuwa jikoni na mkate wa mahindi ulikuwa unaiva.

"Nipe chumvi," alisema Twyla. Verlin akanyoosha mkono. "Ngoja. Huo mkono umeufanya nini?"

"Upi?"

"Wa kuume. Dole gumba. Umechubuka mpaka nyama nyekundu. Ulikuwa unakuna nazi?"

Verlin akautazama mkono wake. Upande wa ndani wa dole gumba ngozi ilikuwa imetoka, pana kama kidonge, na pembeni yake kulikuwa na mistari midogo midogo iliyokatana. Ilimchukua muda kidogo kuitambua. Ilikuwa michirizi ya nyundo. Sehemu ya juu ya nyundo ya rivolva huchongwa hivyo, iwe na makwaruzo, ili dole lisiteleze.

"Verlin? Kuna nini?"

"Nimekuwa nikiitega," alisema.

"Ukitega nini?"

"Nyundo. Mara zote mia. Nimeitega kwa dole, Twyla, na sikujua."

Twyla aliacha mpini wa mashine. Alikuwa amekaa na mlenga shabaha miaka thelathini na mitatu, hakuhitaji kuelezwa. "Na kanuni yako inasema nini?"

"Unajua inasema nini."

"Najua. Nataka kukusikia ukisema."

Verlin aliukunja mkono wake. Alikuwa anayawaza yale matundu ya tano. Bastola ile, risasi ya kwanza unaivuta kwa triga nzito kwa sababu nyundo imelala, lakini ikishalia inarudi nyuma na kujitega yenyewe, kwa hiyo zinazobaki zote ni nyepesi. Tundu la peke yake lilikuwa la kwanza, kila mara. Si viungo vinavyocheza. Ilikuwa kidole chake kikivuta triga nzito. Kwa bastola mpya alivuta triga nzito mara moja katika kila tano na mara hiyo moja akakosa. Kwa rivolva hakuivuta kabisa, hata mara moja. Alikuwa ameifanyia ile bastola mtihani na rivolva akaifanyia upendeleo.

"Tangu lini?" Twyla aliuliza.

"Sijui. Askari wakipiga mimi nasimama nyuma yao. Wakiondoka napiga mtihani wangu peke yangu na kujisahihisha mwenyewe. Kidole cha triga kilianza kuniuma mwaka juzi. Labda tangu hapo. Labda tangu zamani."

"Miaka kumi na tisa unawakosoa watu, na hakuna aliyekutazama wewe."

"Hakuna."

"Mimi ningekutazama," alisema Twyla, "lakini ulisema uwanjani si mahali pa mke." Akamwekea sahani ya maharage mbele yake, akaisogeza ripoti pembeni isipate mchuzi. Verlin alikula kijiko kimoja akashindwa. Aliona aibu, aibu ya mtu mzima, ile ambayo haina pa kujificha kwa sababu aliyeishuhudia ni wewe.

Asubuhi ya Jumatano alimpigia Lorna simu. Lorna akaja machimboni akiwa na sare, zamu yake ilikuwa inaanza saa sita. Alimkuta Verlin amefunga mezani kile chuma cha kubania bastola walichokitumia klabuni, kizito kama nanga, kinachoshika silaha isitikisike.

"Jana uliniona?" Verlin alimuuliza hata kabla ya salamu.

Lorna hakujifanya haelewi. "Nilikuona."

"Kuanzia karatasi ya ngapi?"

"Ya kwanza."

"Na ukanyamaza."

"Ningesemaje, Mzee Mabry? Mimi niliyefeli mara mbili nikufundishe wewe kupiga? Ungesema natafuta njia ya kuponea."

Verlin alifikiri. "Ningesema hivyo hivyo," alikubali.

Walianza na chuma. Rivolva ikabanwa, risasi ishirini. Kisha ya magazini, risasi ishirini. Hakuna mkono, hakuna jicho, hakuna kidole kinachouma. Walipokwenda kutazama, Lorna alitoa mfukoni kifuniko cha mtungi wa jamu alichokuwa anafanyia mazoezi ya kulenga nyumbani, akakiweka juu ya karatasi ya kwanza, kikafunika matundu yote. Akakiweka juu ya pili. Kikafunika yote.

"Kwa hiyo ni sawa," alisema.

"Ni sawa. Zikiwa peke yazo, ni sawa." Verlin alisimama akiwa ameshika karatasi zote mbili, moja kila mkono. Nusu ya maisha yake alikuwa amebishana na wanaume wenye akili kuhusu ipi inapiga vizuri zaidi, kwenye kinyozi, kwenye maziko, mara moja hata akiwa amelazwa hospitali. Kumbe wote walikuwa wanabishana juu ya mikono yao. "Sasa kaa pale nyuma yangu. Chukua daftari. Nafanya mtihani wa kaunti kwa rivolva, risasi hamsini, kwa kanuni. Nikigusa nyundo, sema."

"Niseme kweli?"

"Piga kelele."

Risasi ya saba dole gumba lilipanda lenyewe. "Dole," alisema Lorna. Risasi ya kumi na tisa likapanda tena. "Dole, mzee." Baada ya hapo alilibana chini kama mtu anayemshika mbwa ukosi, akavuta triga yote, mwanzo mpaka mwisho, na kila mvuto kiungo cha kidole kilimchoma na ncha ya mtutu ikayumba. Katika risasi ishirini za yadi ishirini na tano alipata kumi na nne, na sita hazikugusa hata karatasi. Lorna alihesabu mara mbili. Alihesabu tena mara ya tatu, na Verlin akajua.

"Soma."

"Sitini na sita."

Upepo ulikuwa unapeperusha karatasi moja kwenye kibanda. Verlin akairudisha rivolva kwenye ala. "Wewe ulipata ngapi mara ya mwisho?"

"Unajua nilipata ngapi. Uliandika wewe."

"Sitini na nane."

"Ndiyo."

"Nilikuambia nini siku ile?"

Lorna alifunga daftari. "Uliniambia kwamba kuna watu wameumbwa kwa kazi hii na wengine hawakuumbwa, na si aibu kujijua mapema."

Verlin alikuwa amelisema kwa upole siku ile, na hilo ndilo lililomuuma zaidi sasa. Alikuwa amemshika bega alipokuwa akilisema. Akakaa kwenye sanduku, akisugua kidole. Kisha akasema, "Nisamehe, Lorna." Lilikuwa neno dogo, na lilimtoka kwa taabu, kwa sababu hakuwahi kulisema uwanjani hapo.

"Sawa," alisema Lorna. Akafuta macho kwa mkono wa sare, akatazama saa. "Nachelewa zamu."

Alhamisi asubuhi Verlin aliingia ofisini kwa sherifu na ripoti mpya. Teague aliisoma akiwa amesimama, akafika chini, akakaa.

"Hii ya juu naielewa. Bastola ni sawa kwa sawa, tofauti ni uzito wa triga na mkono wa mtu, na wewe unapendekeza ya magazini. Vizuri. Lakini hii ya mwisho ya nini? 'Msimamizi wa uwanja, Mabry, rivolva, kwa kanuni, sitini na sita.' Nani amekuomba hii?"

"Hakuna."

"Nikiipokea, wewe hujapita. Asiyepita hafungi bastola, na hakai na daftari la kuwapima wenzake. Kanuni yako hiyo."

"Najua ya nani."

Sherifu alinyanyuka akafunga mlango, akachukua mkasi mezani. "Sikiliza, Verlin bwana. Nitakata kipande hiki cha chini kwa mkasi. Sehemu iliyobaki inatosha. Bastola zinabadilishwa, msichana anapata nafasi yake, wewe unabaki na heshima yako. Nani anaumia?"

"Wataulizana kwa nini tumebadilisha."

"Acha waulizane. Wanajua tayari. Hujawasikia kwenye karakana? Wanasema rivolva inaondolewa kwa sababu ya mwanamke mmoja aliyeshindwa kuivuta."

"Ndiyo maana usikate," alisema Verlin. "Akipita kesho kwa bastola hii, watamwambia mpaka anastaafu kwamba alibebwa. Kila akikosea kitu kidogo, hata akigonga kioo cha gari, watasema unaona, yule aliyebebwa. Wasomee hiyo mistari ya mwisho wakiwa wamepanga mstari. Waambie haikuondolewa kwa ajili ya mwanamke mmoja. Iliondolewa kwa ajili ya mzee mmoja."

 Teague hakuwa mtu wa maneno mazuri. Aliuweka mkasi kwenye droo.

Verlin akafungua mkanda, akautoa pamoja na ala na rivolva yake, akauweka mezani juu ya ile ripoti. Aliposhuka ngazi aliona kiuno cha kulia chepesi mno, na mkono wake ukashuka mara mbili kutafuta kitu cha kukishika.

Ijumaa askari kumi na watatu walipanga mstari machimboni na Verlin akasimama nao, wa kumi na nne, mwisho kabisa, kiunoni hana kitu. Sherifu alisoma ripoti kwa sauti ileile aliyotumia kusoma matangazo ya barafu barabarani. Alipofika kwenye sitini na sita hakuna aliyecheka. Wawili watatu waliokuwa mahodari wa maneno karakanani walitazama viatu vyao. Mmoja wao, aliyesimama jirani na Lorna, alisogea nusu hatua ili ampe nafasi ya kutosha ya kusimama.

Lorna alipata themanini na nane. Verlin aliisikia namba hiyo ikisomwa na mtu mwingine, kutoka upande wa mstari ambako hakuwahi kusimama na wenzake tangu uwanja huo uanze, na furaha iliyompata ilimshangaza kwa ukubwa wake. Kisha sherifu akaita, "Mabry," akamnyooshea bastola mpya, na Verlin akapiga hatua mbele huku watu kumi na watatu wakimtazama dole gumba.